Kwa nini uyoga wa miombo hauoteshwi nyumbani

Ndugu muulizaji uliyetaka kujua kwa nini uyoga wa miombo hauoteshwi nyumbani, uyoga wa njano unaochumwa katika misitu ya miombo wakati wa mvua hauwezi kuoteshwa kwenye mifuko ya mabua kama uyoga wa mamama, kwa sababu huu wa mamama hula mabaki ya mimea iliyokufa, ilhali ule wa njano hulishwa na mti ulio hai. Kuvu wake huishi ardhini akiwa nyuzi nyembamba mno, ambazo huizingira ncha ya mzizi wa mrihi au mtondo, miti ya miombo, na kupenya kati ya seli na seli bila kuingia ndani ya seli zenyewe. Hapo mti hutoa sukari iliyotengenezwa na majani, naye kuvu huleta maji, naitrojeni na hasa fosforasi, ambayo ni haba katika udongo mwingi wa miombo. Ukifukua taratibu chini ya mrihi, utaona vijizizi vifupi vilivyonenepa, kana kwamba vimevishwa soksi.

Hata misindano (miti ya paini) iliyoletwa kutoka ng'ambo ilidumaa katika sehemu nyingi za Afrika, hadi vitalu vilipochanganyiwa udongo uliochotwa chini ya misindano iliyokwisha kukomaa, wenye kuvu washirika wa miti hiyo. Kwa maoni yangu, jambo hilo linathibitisha utegemezi huu wa mti na kuvu kuliko maelezo yoyote ya darasani.

Uyoga wa kichuguu ni habari nyingine: nao ni mgumu kuotesha, lakini mshirika wake ni mchwa, si mti.