Mwambao chini ya Sultani ungedumu mwezi mmoja

Ndugu yangu, umeuliza Mombasa ingekuwaje lau mwambao wa maili kumi, ule ukanda wa pwani ya Kenya, ungebaki kwa Sultani wa Zanzibar badala ya kuingia Kenya. Angalia kalenda kwanza. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, mapinduzi yakaja 12 Januari 1964 yakamwondoa Sultani. Bendera yake nyekundu ingepepea Ngomeni (Fort Jesus) mwezi mmoja, kisha mabishano ya nani mwenye bandari ya Kilindini yangeanza upya. Na Nairobi isingenyamaza, wala Kampala. Mizigo yao ilipita hapa.

Linaloniuma mimi ni ardhi. Barua za Oktoba 1963 kati ya Kenyatta na Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, ziliahidi kulinda mahakama za kadhi na hati za ardhi. Kadhi yupo hadi leo, hata katika Katiba ya 2010. Lakini hati zilizolindwa zilikuwa za wenye karatasi, na Wamijikenda wengi hawakuwa nazo, wakabaki maskwota kwenye mashamba ya babu zao. Karatasi hizo zilitolewa mwambao ukiwa bado wa Sultani, kwa sheria ya hati za ardhi ya 1908. Sasa niambieni, Sultani angezifuta kwa sababu gani?