Ngazi 42 na mtoto begani: nilivyorudi kwenye shepu nikiwa mzazi bize

Siku hiyo lifti ilikuwa imekufa na binti yangu kashalala begani, ana miaka minne, kilo kama 16 hivi, mkono mwingine nimeshika begi lake na chupa ya maji, nikaanza kupanda. Ngazi 42. Idadi naijua kwa sababu kuanzia ya ishirini hivi nilikuwa nazihesabu kama mfungwa anayehesabu siku. Kufika mlangoni nahema mpaka ufunguo unagonga pembeni ya kitasa, hauingii, mtoto akafumbua macho akaniuliza, "Baba, unalia?"

Silii mama, nimechoka tu.

Sasa usidhani nilikuwa sina malengo, malengo nilikuwa nayo kibao. Januari ya mwaka huo niliandika "kupunguza kilo 15 ndani ya miezi 3" nikabandika kwenye friji. Piga hesabu, hiyo ni zaidi ya kilo moja kila wiki, wakati wataalamu wa afya wanashauri upungue nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, yaani hata ningejitahidi vizuri kabisa bado ningejiona nimefeli. Wiki ya pili kaka mtu akachora dinosaria juu ya ile karatasi na hakuna aliyelalamika, hata mimi mwenye karatasi.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba mzani haukutii. Unajinyima wiki nzima, unapanda unakuta umeongezeka, kumbe jana ulikula chumvi nyingi na mwili umeshika maji, basi mtu mzima unanuna siku nzima. Ndo maana safari hii niliandika kitu ambacho kiko mikononi mwangu: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nikishazima taa ya chumba cha watoto, nafanya dakika 15 sebuleni kabla sijakaa.

Hapo kwenye "kabla sijakaa" ndo penyewe. Kochi usilichezee, ukikaa dakika mbili tu umeisha, unashika simu na ukija kushtuka ni saa sita usiku. Raba naziweka mlangoni mwa chumba cha watoto, nikitoka tu nazivaa gizani, mara nyingine mguu wa kulia kwenye kiatu cha kushoto lakini hewala.

Na mbona sikuweka saa? Niliweka, jamani. Alamu ya saa kumi na moja alfajiri, kama wale watu wa mitandaoni. Nilidumu siku nne, maana mtoto ameamka saa nane usiku anataka maji, saa tisa kaota ndoto mbaya, halafu saa kumi na moja eti uamke uruke kamba! Mtu mzima anatakiwa kulala angalau masaa saba, na mimi nikikosa usingizi mchana wake nakula kama sina akili nzuri, kwa hiyo nilikuwa naiba usingizi kulipia mazoezi na bado napata hasara. Saa haijui kama mtoto ana homa, ila muda wa kulala watoto lazima ufike, iwe saa mbili au saa nne. Tafuta kitu kinachotokea nyumbani kwako kila siku upende usipende, ndo ufungie mazoezi yako hapo.

Kingine kilichonikatisha tamaa zamani ni namba kubwa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani (ile kasi ambayo unaweza kuongea ila kuimba huwezi), pamoja na mazoezi ya kujenga misuli angalau siku mbili. Nilikuwa nikiona 150 nafunga ukurasa, nitazitoa wapi? Kumbe kwenye mwongozo wao wa 2020 waliondoa lile sharti la zamani kwamba lazima ufanye dakika 10 mfululizo ndo zihesabike. Sasa hivi hata dakika tatu za kupanda ngazi umo. Nilianza kuhesabu zile za kutembea haraka kumfuata mtoto, za kupanda ngazi hata lifti ikiwa nzima, nikajumlisha na zangu 45 za sebuleni, kumbe siko mbali hivyo. Na hizi hatua elfu kumi kwa siku zinazotutesa wote zilianzia Japani mwaka 1965, kwenye kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa kwa jina lenye maana ya hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara. Ukipata elfu sita kwa siku yako ya kukimbizana, usijilaumu.

Watoto nao usiwafanye kizingiti. Jumamosi binti yangu anapanda mgongoni mimi napiga skwati (kuchuchumaa na kuinuka) yeye anahesabu, na kuhesabu kwenyewe ni "sita, saba, nane, kumi na moja, nne". Akirudi kwenye nne na mimi narudi naye, hakuna rufaa. Siku moja niliambiwa nimefika kumi wakati mapaja yananiambia ishirini na tano na ushee.

Kosa kubwa nililofanya ni siku ya kwanza kabisa, nilijiona kijana nikaenda kukimbia kilomita tano. Kesho yake nashuka ngazi kinyumenyume nimeshika ukuta. Maumivu ya misuli yanakuja siku moja mpaka tatu baadaye na ni kawaida, lakini goti langu lilikuwa halimo kwenye hiyo kawaida, nikakaa wiki tatu bila kufanya chochote. Anza na kidogo mpaka uone aibu. Na kama umejifungua karibuni, au una presha, au unabanwa kifua ukipanda ngazi, muone daktari kwanza, hilo sio la kusoma hapa ukaamua mwenyewe.

Siku mbovu zipo, mtoto anatapika, kazini wamekuweka mpaka usiku. Siku hizo nina kiwango cha chini kabisa, skwati 10 wakati napiga mswaki, basi. Na nikikosa hata hizo, potelea mbali. Kuna utafiti uliofanyika chuo kikuu kimoja London, walifuatilia watu wanaojenga tabia mpya, wastani ulikuwa siku 66 kabla haijawa mazoea, wengine siku 18 tu na wengine ilikadiriwa 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Hizo siku 21 tunazodanganyana kwamba zinatosha kujenga tabia sijui nani alituletea. Mimi nilianza kuvaa raba bila kujisukuma kama mwezi wa tatu hivi tangu nianze.

Halafu kuna jambo akina baba tunajisahaulisha. Dakika zako 15 kuna mtu anazilipia. Mwanzoni nilikuwa naruka kamba huku mke wangu anaosha vyombo peke yake, siku ya tatu akaniuliza kwa upole sana, "Na mimi zamu yangu ya kuwa fiti ni lini?" Nikakosa jibu. Sasa hivi Jumanne na Alhamisi ni zake, vyombo vyangu, na hakuna kuitana labda mtu anatoka damu.

Kwenye chakula sitasema mengi, mimi sijakata chochote, niliacha tu kumalizia sahani za watoto. Nilikuwa dampo la nyumba, vijiko viwili hapa, kipande pale, kila siku, na kote huko mdomo unasema "mimi sijala sana".

Miezi minane sasa, kilo zimepungua sita, sio 15. Juzi lifti imekufa tena, binti yangu kafika kilo 18 na kalala begani kama kawaida yake, nikapanda nahema ndio, lakini ufunguo uliingia mara ya kwanza. Akafumbua jicho moja, akaangalia mlango, akasema tushuke tupande tena.