Mjomba, umeniuliza kwa nini sihami Houston, Texas

Juzi Mjomba alinitumia video ya kimbunga na swali moja: "Nyie mlioko huko mnasubiri nini? Si mhame!" Wadogo zangu nao wakadakia. (Video yenyewe ni ya miaka mingi iliyopita, lakini tuyaache hayo.) Nawajibu wote bila kupamba.

Hofu ni ya kweli. Galveston, kisiwa kilicho kusini yetu mwendo wa saa moja hivi kwa gari, kilipigwa na kimbunga Septemba 1900 wakafa watu wapatao 8,000. Hakuna balaa la asili lililowahi kuua watu wengi hivyo Marekani. Baadaye wakajenga ukuta wa kuzuia bahari, lakini ukuta ule unakilinda kisiwa. Ghuba iliyo nyuma yake iko wazi, na mwisho wa ghuba ndipo ulipo mfereji wa meli ambao kandokando yake vimepangwa viwanda vya mafuta na matangi ya kemikali. Kimbunga kikubwa kikiingia upande mbaya, upepo utaisukuma bahari hadi huko. Mwaka 2022 Bunge la Marekani liliidhinisha mradi wa mageti makubwa mlangoni mwa ghuba. Bado tunayasubiri.

Mimi lakini namba mnazozitangaziana, daraja la 4, daraja la 5, hazinitishi kama zinavyowatisha nyie. Namba ile inapima upepo tu. Harvey, kimbunga cha 2017, ilitua mbali na sisi ikiwa daraja la 4. Hapa ilifika kama mvua, ikagoma kuondoka. Kuna sehemu zilipata zaidi ya meta moja ya mvua kwa siku chache, watu wakaokolewa kwa boti mitaa ambayo haijawahi kuona maji. Halafu ikaja Beryl, Julai 2024, daraja la 1 tu, ile ambayo mngesema "hii ndogo". Wateja zaidi ya milioni 2 walikosa umeme. Kwangu ulirudi siku ya sita. Joto la Julai hapa bila feni wala kiyoyozi, nyumba zenyewe zimejengwa kwa kutegemea kiyoyozi, ni kama kulala ndani ya sufuria iliyofunikwa. Wapo waliokufa kwa joto upepo ukiwa umeshatulia.

Kuhama, au hata kukimbia siku mbili tatu? Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Tahadhari ikitolewa tunagawanywa makundi: la kulala kazini mpaka dhoruba ipite, na la kuja kupokea. Mwaka jana niliandikwa la kwanza. Nikikimbia, sina kazi ya kurudia. Na wazee kuwasafirisha si mchezo. Kabla ya kimbunga Rita, mwaka 2005, watu zaidi ya milioni 2 waliingia barabarani kwa pamoja, foleni ikalala usiku kucha, na basi lililobeba wazee likashika moto karibu na Dallas. Walikufa 23. Kimbunga chenyewe kikapinda kwenda mpakani na jimbo jirani la Louisiana.

Sasa la fedha, ambalo sikuwahi kuwaambia. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ya mafuriko unakata peke yake, ile ya serikali hailipi zaidi ya dola 250,000 kwa jengo, na kwa kawaida inaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuilipia, kwa hiyo huwezi kungoja mpaka kimbunga kionekane baharini. Msimu unaanza Juni mosi. Ndiyo maana kila mwezi wa tano mnaniona mkono mzito. Mama alidhani nimebadilika. Sikubadilika, Mama, nilikuwa nalipa bima.

Labda siku moja nitahama. Mtoto amalize shule kwanza, deni la nyumba lipungue. Kwa sasa pasipoti na vyeti vyetu vinakaa ndani ya mfuko wa plastiki kando ya mlango, kuanzia Juni hadi mwisho wa Novemba.

Mkisikia kimbunga kimeingia na simu yangu haipatikani, siku mbili za kwanza msitangaze msiba. Nitakuwa kazini au chaji imeisha. Siku ya tatu mpigieni binamu yetu wa Dallas; nikipata mtandao, yeye ndiye nitakayeanza naye.