Wali wa uyoga wa kuoka: maji ndiyo yaliyoniangusha

Mara ya kwanza kumpikia mama mkwe wali huu, nilitoa bokoboko. Alikuwa amesafiri kutoka Vihiga hadi kwetu Nakuru. Akachota kijiko kimoja, akakitazama, kisha akauliza kwa upole: "Mama Imani, huu ni wa mtoto?"

Nilidhani kosa ni la mchele. Kumbe ni uyoga. Uyoga karibu wote ni maji, na ukiutia mbichi kwenye mchele, unayaachia yote humo ndani ya oveni baada ya wewe kumaliza kupima vikombe vyako.

Siku hizi naukaanga kwanza peke yake. Kikaango kipana, mafuta kidogo, moto mkali, bila kifuniko. Mwanzoni hutaona kitu, halafu maji yanachuruzika hadi udhani unapika mchuzi. Usiyamwage, utamu uko humo. Ngoja yakauke, sauti ya kutokota igeuke kuwa ya kuchachatika, na kingo zipate rangi ya kahawia. Paketi mbili za gramu 250 zitanywea hadi ujute hukununua tatu. Weka pembeni.

Kikaango hichohicho kinapokea vitunguu viwili, kitunguu saumu na hoho. Vikilainika, tia vikombe 2 vya mchele uliooshwa na kuchujwa, geuza dakika mbili tatu. Chumvi, pilipili manga, uyoga unarudi, kisha yote kwenye chombo cha kuokea. Mimina vikombe 3 vya supu na kimoja cha maziwa, vikiwa moto sana. Vikiingia baridi, oveni inapoteza muda kuvipasha huku mchele umelala ukilowa. Hicho ni kipimo changu cha mchele wa Ahero. Pishori ya Mwea naipunguzia nusu kikombe cha supu.

Funika kwa foili, ubane kingo vizuri, nyuzi 180. Nilipokuwa Kisumu dakika 40 zilitosha. Hapa Nakuru tuko juu zaidi ya mita 1,800, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 95, kwa hiyo naacha 50. Usichungulie! Mwishoni toa foili, nyunyizia jibini, rudisha dakika 10.

Huna oveni? Chukua sufuria nzito, punguza makaa ya jikoni yabaki machache, mengine uyapalie juu ya kifuniko. Kusema kweli naupenda zaidi hivi, kwa sababu ya ukoko.

Mama mkwe alipokuja tena alileta obwoba, yaani uyoga wa kwao, uliokaushwa na kufungwa kwenye gazeti. (Amekulia akichuma kwenye vichuguu mvua zikianza, na bado hagusi uyoga asioufahamu. Nawe usijaribu.) Niliuloweka nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu, nikauminya, nikaukaanga pamoja na ule wa dukani. Maji ya kulowekea niliyachuja kwa kitambaa, maana yana mchanga, nikayatumia badala ya sehemu ya supu. Jikoni kukanukia kama kwao.

Safari hiyo alikwangua ukoko mwenyewe hadi sufuria ikalia. Jibini tu ndiyo aliyoisukuma kando ya sahani.