Kontena Zangu za Jambiani

Juzi msomaji ameniandikia: "Dada, nimepata kontena mbili za futi 20 kwa bei ya kutupa, nataka vyumba vya wageni ufukweni. Nianzie wapi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Miaka sita iliyopita huyo nilikuwa mimi.

Mnajua wenyewe: tofali linataka miezi, fundi anataka hela kila Ijumaa. Halafu anatokea mtu anasema chumba cha kontena kinakuja kimekamilika, dirisha limo, choo kimo, unaunganisha maji na umeme tu. Nikanunua vinne. Mambo ya vibali na kuvusha kutoka Dar nayaruka, hayana utamu. Vikatua Jambiani, hatua chache kutoka majini, nikavipiga picha mpaka simu ikazima.

Kisha upepo wa kusi ukaanza. Upande ule wa Unguja unatoka baharini moja kwa moja, umebeba chumvi. Mwaka haujaisha, rangi ikatoa malengelenge kuzunguka madirisha. Kumbe aliyeniuzia alikata matundu akapaka mkono mmoja wa rangi juu ya chuma kitupu, bila praima ya zinki, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Fremu za alumini akazifunga kwa skrubu za chuma cha kawaida; metali hizo mbili zikilowa maji ya chumvi, alumini inaliwa. Nilipompigia akanijibu, "Mama, bahari ndivyo ilivyo." Mpaka leo inanichoma. Alijua vinakwenda wapi!

Chini ndiko kulikokuwa na msiba. Niliviweka juu ya tofali mojamoja, hewa haipiti, unyevu haukauki. Fundi alichomeka bisibisi, ikapenya. Viwili nikaviuza kama chuma chakavu, nikalia.

Viwili vilivyobaki tulivikwangua mpaka chuma kikawa cheupe: praima ya zinki, rangi ngumu ya epoksi mikono miwili, rangi ya kumalizia juu yake. Tukavinyanyua kwenye nguzo za zege usawa wa kiuno. Skrubu zote chuma cha pua, na si cha aina yoyote: daraja la 304 hutoa madoa karibu na bahari, ulizeni la 316. Leo vimejaa wageni, na nasema kwa kiburi kabisa.

Jambo moja watu hawaniamini: kinachooza kwanza ni pale pasipofika mvua, chini ya vibaraza na nyuma ya masinki ya nje. Mvua huosha chumvi, pakavu inajilimbikiza. Kila Jumamosi naosha kwa maji ya tangi la mvua, kwa sababu kisima changu nacho kina chumvi. Ndugu zangu, acheni kununua kwa macho! Inameni, mlale chini, mtazame maungio. Mnaona aibu mbele ya muuzaji? Mimi niliona aibu, nikalipa.

Yule msomaji nimemwomba picha ya tumbo la kontena. Amenitumia ya mlango, rangi inang'aa.