Mpe Naye Ujinga Wake

Skripti yangu ya kwanza ya vichekesho ilihusu kikundi kinachotengeneza filamu bila hela. Nilijiona mjanja kweli: mpiga picha mwanamke, mhariri anayetumia kiti mwendo, hata mzee mmoja wa miaka 70 nikampa kazi ya taa. Kwenye karatasi kila mtu alikuwepo. Tulipokaa mezani kuisoma kwa sauti, nikaona vicheko vyote vinakwenda kwa wanaume watatu: mwongozaji anayejidai, produsa mwongo na nyota mwenye majivuno. Hao wengine walikuwa wakiguna, wakitikisa kichwa na kutoa maneno ya busara.

Mwigizaji wa nafasi ya mhariri aliniita pembeni. "Kaka, huyu mtu wangu hakosei hata mara moja? Sasa mimi nimekuja kuchekesha nini?"

Niliogopa kuwaudhi, nikadhani nawaheshimu. Lakini kwenye vichekesho mtazamaji humpenda anayetaka kitu kupita kiasi, anayejidanganya mchana kweupe, anayeanguka halafu anajifanya alikuwa anaokota kitu. Ukimnyima mtu hayo, umemgeuza pambo.

Nikaandika upya. Mhariri akawa mwenye wivu, anakata kila shoti ya mwigizaji aliyemkataa, usiku analala na diski chini ya mto. Kiti chake kikabaki kiti. Utani pekee unaokigusa aliuleta mwigizaji mwenyewe: produsa huitisha kila kikao cha dharura ghorofa ya tatu, halafu analalamika kwamba mhariri hahudhurii. Hapo anayechekwa ni produsa.

Ukitaka kuona jambo hili likifanywa na mabingwa, tafuta filamu ya Living in Oblivion ya mwaka 1995. Peter Dinklage, katika nafasi yake ya kwanza ya filamu, anaigiza Tito, mtu wa kimo kifupi aliyewekwa kwenye sini ya ndoto. Anachoka, anamvaa mwongozaji: nani huota ndoto zenye watu wafupi? Hata yeye mwenyewe hawaoti! Tito si mtakatifu, ana hasira na kiburi, na ndiyo maana tunamkumbuka. Kabla yake, mwaka 1987, Robert Townsend aliongoza na kuigiza Hollywood Shuffle, kuhusu mwigizaji mweusi anayeitwa kila mara kuigiza wahuni. Sehemu ya gharama aliilipa kwa kadi za mkopo. Sisi tusio na hela hatuna hata bosi wa kumsingizia. Tukiandika wahusika butu, ni sisi.

Jambo la pili linaniuma mpaka leo. Filamu kuhusu utengenezaji wa filamu hula visa vya watu wa nyuma ya kamera. Dada aliyeshika maiki alinisimulia jinsi kila mgeni anayefika seti humwuliza yeye ni mpenzi wa nani, akiwa amebeba kijiti cha maiki kirefu kuliko wote waliosimama pale. Nikakiingiza kisa hicho, na ndicho kilichochekwa kuliko vyote. Jina lake likatokea mwishoni chini ya sauti tu, kwa waandishi likabaki langu peke yangu. Hakugomba. Aliacha tu kupokea simu zangu. Kwa hiyo mtu akikupa kisa, kubalianeni malipo na jina siku hiyohiyo, kabla hujakiandika.

Na lokesheni nenda kaikague pamoja na waigizaji wako, usiende peke yako kama mimi. Siku ya kupiga ile sini ya ghorofani, jengo nililokodi halikuwa na lifti. Mwigizaji wangu alisimamisha kiti chini ya ngazi, akanitazama kwa muda, kisha akauliza kama na hii imo kwenye skripti.

Haikuwemo. Tukaiongeza, na mara hii jina lake likaandikwa.