Tuta la kuzuia bahari: msianze na majembe

Ndugu yangu, nimekuelewa: kila bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, bahari inapanda hadi kwenye bonde lenu la mpunga huko Pemba, na wanakijiji wanataka kuchanga wajenge tuta "kama la New Orleans". Basi kumbuka Katrina, kimbunga kilichoupiga mji huo wa Marekani mwaka 2005. Baadhi ya kuta za mifereji ya mji ule zilianguka kabla maji hayajafika juu. Udongo wa chini ndio uliokimbia. Karibu asilimia 80 ya mji ikazama.

Kwanza pigeni vigingi, mwone maji yanafika wapi kwenye bamvua za Machi na Septemba, ndizo kubwa. Sisi kwetu tulipima siku za maji mafu, bahari isipopanda sana, uvivu tu, na bahari ikapita juu ya tuta mwezi wa pili baada ya kulijenga.

Tuta liwe pana chini, la udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka. Mchanga mtupu hauzuii kitu. Na msizibe mkondo wote! Mvua ya masika itakosa pa kutokea, mpunga ufe kwa maji matamu. Wekeni bomba lenye kifuniko cha bawaba upande wa baharini: maji yakijaa yanakisukuma kinajifunga, yakipwa kinafunguka. Awepo mtu wa kuondoa takataka pale, la sivyo kitabaki wazi.

Mikoko ya mbele msiiguse, inavunja mawimbi.

Kama nyuma ya tuta kuna nyumba, msijenge bila mhandisi. Anzeni kwa sheha, kiongozi wa shehia yenu, kisha Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar.